Ufito wa kuvulia uliovunjika si wa kutupa

Na Mwandishi Wetu

UFITO wa kuvulia samaki unapovunjika, wengi wa wanaouvulia huuweka pembeni ya stoo na kuanza kutafuta mwingine dukani. Mara nyingi uamuzi huo huwa wa haraka mno. Ufito una sehemu chache tu: fimbo yenyewe, mpini, kikalio cha rili, pete za kupitishia mshipi na nyuzi zinazozishika pete hizo. Karibu kila moja kati ya sehemu hizo inaweza kubadilishwa kwa zana ambazo fundi wa kawaida anazo, yaani msasa, tupa, wembe, uzi na gundi.

Kwa wavuvi wa Afrika Mashariki, ufundi huu una uzito wa pekee. Fito za kisasa na vipuri vyake huagizwa kutoka nje. Mtu aliyekodi boti kwa siku moja kwenda kutafuta nduaro au sulisuli nje ya Malindi, Watamu au Shimoni hupoteza siku nzima ikiwa pete moja itapasuka na kuanza kukata mshipi. Hata hivyo, ufito uliotengenezwa vibaya ni hatari kuliko uliovunjika, kwa kuwa hukatika samaki mkubwa akiwa tayari amenaswa, na vipande vyake huweza kumjeruhi aliyeushika.

Nguvu hupitia wapi

Msingi wa kazi yote ni kuelewa namna mzigo unavyosafiri kutoka nchani hadi mkononi. Samaki anapovuta, upande wa nje wa upinde hunyooshwa na upande wa ndani hubanwa. Kwa kuwa fito nyingi za leo zina uwazi ndani kama bomba, upinde mkali hulilazimisha bomba hilo kubonyea, na likibonyea kupita kiasi hupasuka.

Kutokana na hali hiyo, mafundi hufuata kanuni tatu. Ya kwanza, ufito usikwaruzwe, kwa sababu mkwaruzo mdogo huwa ndio mwanzo wa ufa. Ya pili, mzigo usikusanywe mahali pamoja, bali ugawanywe kwenye pete nyingi. Ya tatu, pasiwepo mahali ambapo sehemu ngumu inaishia ghafla na laini kuanza, kwani hapo ndipo ufito hukatika.

Kutoka mwanzi hadi kaboni

Ufito wa kale na wa bei nafuu ni mwanzi mzima, ambao hadi leo hutumiwa na vijana kando ya mito na maziwa. Mwanzi uliokomaa hukatwa, hukaushwa kivulini ukiwa umelazwa au kuning'inizwa wima, kisha hupitishwa juu ya moto mdogo na kunyooshwa ungali na joto. Ukikaushwa juani kwa haraka hupasuka.

Katika karne ya 19, mafundi wa Marekani waliendeleza ufundi wa kupasua mwanzi katika vipande vyembamba vyenye pembe tatu, kisha kuvigundisha sita pamoja kupata fimbo yenye pande sita. Anayetajwa sana katika historia hiyo ni Samuel Phillippe, fundi bunduki wa mji wa Easton, Pennsylvania. Baada yake Hiram Leonard wa Maine aliifanya kazi hiyo kuwa ya kiwanda. Mwanzi uliopendwa zaidi ulitoka jimbo la Guangdong, kusini mwa China, na Marekani ilipopiga marufuku biashara na China mwaka 1950, upatikanaji wake uliathirika kwa takribani miaka 20.

Wakati huo faibaglasi ilikuwa imekwishaingia sokoni. Kampuni ya Shakespeare ya Marekani ilianza kuuza fito za faibaglasi mwishoni mwa miaka ya 1940. Mwaka 1973 kampuni ya Fenwick, ya nchini humo pia, ilileta fito za kaboni, ambazo ni nyepesi na ngumu zaidi. Tofauti hii ni muhimu kwa fundi: faibaglasi huvumilia kugongwa na kupindwa sana, ilhali kaboni ina wepesi wa kurusha lakini hupasuka kwa urahisi ikigongwa kwenye ukingo wa boti.

Kuchagua fimbo tupu

Ujenzi huanza na fimbo tupu, yaani ufito ambao haujafungwa kitu chochote. Huchaguliwa kwa kuangalia kazi inayokusudiwa. Ufito wa kuvulia trauti katika Mto Gura kwenye milima ya Aberdare, ambako samaki hao walipelekwa mwaka 1905, ni mwembamba na hupinda kwa urahisi ili usikate mshipi dhaifu. Ufito wa kuburuza chambo nyuma ya boti baharini ni mfupi na mnene. Ule wa kurushia ufukweni ni mrefu ili kuvusha chambo juu ya mawimbi.

Anayetarajia rekodi yake itambuliwe na IGFA, shirikisho la kimataifa la uvuvi wa michezo lililoundwa mwaka 1939, hana budi kuzingatia vipimo. Urefu kutoka chini ya katikati ya rili hadi nchani usipungue inchi 40 (sentimita 101.6), na kutoka hapo hadi mwisho wa kitako usizidi inchi 27 (sentimita 68.58). Masharti hayo hayahusu fito za kurushia ufukweni.

Fimbo ikishapatikana, hutafutwa mgongo wake, yaani upande ulio mgumu zaidi kidogo. Kitako huwekwa kwenye sakafu laini, ncha hushikiliwa kwa kiganja kilicho wazi, na sehemu ya katikati husukumwa taratibu kwa mkono wa pili. Fimbo itajizungusha yenyewe na kutulia mahali fulani. Hapo huwekwa alama ya chaki. Mafundi wengine hupendelea kufuata unyoofu wa fimbo badala ya mgongo, na njia zote mbili hutoa fito nzuri. La msingi ni pete zote kukaa kwenye mstari mmoja ulionyooka na rili.

Mpini na kikalio cha rili

Mpini hutengenezwa kwa sponji ngumu au kwa koki, gome lile lile linalotengenezewa vizibo vya chupa za mvinyo. Koki huja katika vipande vya duara vyenye tundu katikati. Vipande hivyo huchovywa gundi, hubanwa pamoja kwenye fimbo, na vikikauka husuguliwa kwa msasa hadi kupata umbo linalojaza kiganja.

Urefu wa mpini hupimwa kwa mwili wa mwenye ufito. Kwa ufito wa kawaida wa mkono mmoja, kitako hakipaswi kupita kiwiko sana, la sivyo kitanasa nguo wakati wa kurusha.

Kikalio cha rili, yaani kigurudumu cha kukunjia mshipi, kwa kawaida huwa na tundu pana kuliko fimbo. Pengo hilo huzibwa kwa kuzungusha utepe wa karatasi katika mafungu mawili au matatu hadi kikalio kiingie kwa kubana kidogo. Kosa linalofanyika mara nyingi ni kufunika sehemu yote kwa utepe. Nafasi lazima iachwe kati ya fungu na fungu ili gundi ishike fimbo yenyewe, kwa sababu maji yakiingia utepe huoza na kikalio huanza kucheza. Kabla ya kupaka gundi, mng'ao wa fimbo mahali hapo hupunguzwa kwa msasa laini, kisha hufutwa kwa spiriti.

Mpangilio wa pete

Pete ndizo zinazogawa mzigo. Kanuni ya kuanzia ni pete moja kwa kila futi moja ya urefu, mbali na ile ya nchani. Ufito wa futi saba basi huwa na pete saba pamoja na ya ncha. Karibu na ncha pete hukaribiana, na kuelekea mpini huachana. Kwa rili inayoning'inia chini ya ufito, pete ya kwanza huwa kubwa ili kupokea mshipi unaotoka kwa mizunguko mipana.

Kanuni hiyo lazima ihakikishwe kwa jaribio. Pete hufungwa kwa utepe wa muda, mshipi hupitishwa, kisha ufito hupindwa kwa kuvuta mshipi taratibu kana kwamba kuna samaki. Mshipi unapaswa kufuata upinde wa ufito bila kona kali. Kwa rili inayokaa juu, mshipi usiguse fimbo mahali popote. Ukigusa, pete husogezwa au huongezwa moja. Kazi hii ya nusu saa ndiyo humtofautisha fundi na mtu anayenakili vipimo vya dukani.

Kabla ya kufungwa, miguu ya pete huchongwa kwa tupa ndogo hadi ncha zake ziwe nyembamba kama kabari. Uzi hupanda juu ya mguu kama huo bila kuacha pengo. Upande wa chini wa mguu hupapaswa kwa kidole, na chembe yoyote ya chuma inayochoma huondolewa, kwani hiyo ndiyo itakayokwaruza fimbo kila inapopindwa.

Kufunga uzi

Uzi unaotumika sana ni wa nailoni, mwembamba kwa fito nyepesi na mnene kwa fito za baharini. Si lazima kuwa na mashine. Boksi gumu la karatasi lililokatwa mikato miwili yenye umbo la V hutosha kubeba ufito. Uzi hupitishwa kati ya kurasa za kitabu kizito ili upate mkazo usiobadilika, na fundi huuzungusha ufito kwa mikono.

Kazi huanzia kwenye fimbo tupu, milimita chache kabla ya ncha ya mguu wa pete. Mizunguko mitano au sita ya mwanzo hupita juu ya mwisho wa uzi ili kuufunga, kisha ncha inayobaki hukatwa. Uzi huendelea kupanda mguu kuelekea pete, kila mzunguko ukigusana na wenzake. Ikibaki mizunguko kama minane, kitanzi cha uzi mwingine hulazwa juu ya kazi na kufunikwa na mizunguko hiyo ya mwisho. Uzi hukatwa, mwisho wake huingizwa kwenye kitanzi, na kitanzi huvutwa. Mwisho wa uzi hupita chini ya mizunguko na kujifunga wenyewe, bila fundo lolote.

Mkazo uwe wa kadiri. Pete iliyofungwa vyema husogea kidogo ikisukumwa kwa kidole, jambo linalomwezesha fundi kunyoosha mstari kabla ya kupaka epoksi. Uzi uliokazwa kupita kiasi huubana ufito na kuudhoofisha.

Kupaka epoksi

Uzi peke yake haudumu. Hufunikwa kwa epoksi angavu yenye sehemu mbili, resini na kigumishi, ambazo kwa aina nyingi huchanganywa kwa vipimo sawa. Hapa makadirio ya macho hayafai. Kipimo kikikosewa epoksi hubaki na utando unaonata na hakuna muda wa kusubiri utakaoikausha. Mabomba mawili ya sindano, moja kwa kila sehemu, hutoa kipimo sahihi, mradi yawe ya aina isiyopakwa mafuta ya silikoni, kwa kuwa mafuta hayo huacha vishimo kwenye epoksi.

Mchanganyiko hukorogwa polepole ili usijae mapovu, kisha humiminwa juu ya karatasi ya aluminiamu. Ukitandazwa hivyo mapovu hupanda na kupasuka, na epoksi haishiki haraka kama ikiachwa kwenye kikombe. Katika joto la pwani muda wa kufanyia kazi huwa mfupi, hivyo ni vyema kuchanganya kiasi kidogo na kufanya kazi asubuhi au jioni.

Epoksi hupakwa kwa brashi laini, tabaka jembamba, ufito ukizungushwa. Baada ya hapo mzunguko usisimame hadi epoksi igande, la sivyo itachuruzika na kufanya kinundu upande wa chini. Wenye mota ndogo inayozunguka taratibu huitumia. Wasio nayo hugeuza ufito nusu mzunguko kila baada ya dakika chache. Ufito huachwa mahali pasipo vumbi kwa saa 24 kabla ya tabaka la pili.

Ncha iliyokatika

Ajali ya kawaida kuliko zote ni ncha kukatika, aghalabu kwa kubanwa na mlango wa gari au kugongwa kwenye dari. Ikiwa kilichopotea ni sentimita chache, dawa ni kuweka pete mpya ya ncha yenye bomba pana zaidi. Pete ya zamani hutolewa kwa kupasha moto bomba lake la chuma, si fimbo, kisha kuivuta bila kuizungusha kwa nguvu. Mahali palipokatika husawazishwa kwa tupa laini. Kisu na koleo havifai kukatia kaboni, kwani huiponda. Huzungushiwa utepe kwanza, kisha hukatwa kidogo kidogo pande zote kwa msumeno wenye meno madogo.

Pete mpya hubandikwa kwa gundi ya kuyeyusha, si epoksi. Sababu ni kwamba ncha itavunjika tena siku moja, na gundi hiyo hulegea kwa moto mdogo.

Pete iliyopasuka

Ufa kwenye duara la ndani la pete mara nyingi hauonekani kwa macho, lakini hukata mshipi mpya kwa siku moja. Huutambua kwa kuzungusha pamba ndani ya pete. Nyuzi za pamba zikinasa, pete ni ya kubadilishwa.

Wakati wa kuiondoa, wembe hupitishwa juu ya mguu wa chuma pekee, kamwe si juu ya fimbo. Epoksi ya zamani ikikatwa hapo hubanduka pamoja na uzi wake, na mabaki hukwanguliwa kwa ukucha au kipande cha plastiki.

Fimbo iliyovunjika katikati

Hapa ndipo wengi hukata tamaa, na ndipo ufundi huokoa fedha nyingi zaidi. Nyuzi zilizosagika huondolewa pande zote mbili hadi kufikia sehemu nzima. Kisha hutafutwa kipande cha ufito mwingine mbovu, chenye mteremko wa unene unaofanana, kitakachoingia ndani kama kiini. Huingizwa kutoka upande mnene wa kipande cha chini, chembamba kikitangulia, hadi kikwame na nusu yake itokeze mahali palipovunjika. Kipande cha juu huvikwa juu yake. Kikishajaribiwa bila gundi na kuonekana kimenyooka, hutolewa, hupakwa epoksi na kurudishwa.

Mahali ambapo uwazi wa ndani ni mdogo mno, hutumika ala ya nje badala ya kiini. Hiyo huvikwa kutoka nchani, kwa hiyo pete zilizo juu ya jeraha huondolewa kwanza. Kwa njia zote mbili, mafundi wengi huacha kiungo kipite jeraha kwa urefu wa mara tano hadi saba ya unene wa ufito kwa kila upande. Ncha za ala huchongwa zipungue unene taratibu, na jeraha lote hufungwa uzi na epoksi ili lisipasuke kwa urefu. Ufito utakuwa mgumu kidogo mahali hapo, lakini utavua.

Kiungo kilichokwama

Fito za vipande viwili hukwama kwenye kiungo kwa mchanga na chumvi. Kutumia koleo ni kuuponda ufito. Njia salama ni kuuweka nyuma ya magoti ukiwa umechuchumaa, mikono ikishika pande zote mbili za kiungo karibu na upande wa nje wa magoti, kisha kuyatanua magoti yasukume mikono. Nguvu hiyo huvuta kwa mstari ulionyooka. Kupaka nta ya mshumaa kiasi kidogo kwenye kiungo huzuia tatizo lisirudi.

Hatari zisizopuuzwa

Vumbi la kaboni na faibaglasi huwasha ngozi na huumiza mapafu. Kazi ya msasa ifanyike nje, ufito ukiwa umeloweshwa maji, fundi akiwa amevaa barakoa na miwani. Epoksi mbichi nayo huleta mzio kwa ngozi inayoguswa mara kwa mara, hivyo glavu ni lazima.

Hatari kubwa zaidi ni umeme. Kaboni hupitisha umeme. Ufito mrefu wa kaboni haupaswi kuinuliwa chini ya nyaya za umeme wala kushikwa wakati wa radi, na matengenezo yoyote hayaiondoi hatari hiyo.

Ziko pia fito zisizostahili kutengenezwa. Ule wenye nyufa ndefu zinazofuata urefu wa fimbo, unaotoa mlio wa kupasukapasuka ukipindwa, au ufito mzito wa bahari kuu uliovunjika karibu na mpini, ni bora ukabaki ghala la vipuri. Pete zake, kikalio chake na vipande vyake vizima ndivyo vitakavyookoa ufito mwingine.

Kwa ufito unaorudi kazini, huduma rahisi hupunguza safari za kwa fundi. Usuuzwe kwa maji baridi kila baada ya kutoka baharini, hasa kwenye miguu ya pete na nati za kikalio, ukaushwe kabla ya kuingizwa kwenye mfuko wake, na usiachwe ukiwa umeegemezwa ukutani kwa miezi. Pete zake zikaguliwe kwa pamba kabla ya kila safari, kazi isiyochukua hata dakika tano.